Sahani ya Mzushi

Ujumbe wa Njoki uliingia nikiwa ghorofa ya tisa nakagua vyumba. "Mwalimu Ssali yuko Dubai. Amekuja kumtembelea binti yake, Al Jaddaf, hapo hapo karibu na hoteli yenu. Anauliza kama wewe bado ni Mdonatisti." Nilikaa juu ya kitanda cha mgeni, kitu ambacho nawakataza wasichana wangu kila siku iendayo kwa Mungu, nikacheka mpaka nikalia, au labda nililia kwanza, sikumbuki vizuri. Msichana wa zamu akachungulia mlangoni, "Madam, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna mwalimu. Hakuelewa, na sikumlaumu. Watu wangapi Dubai hii wanajua Mdonatisti ni mdudu gani? Mimi najua, kwa sababu mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa Mdonatisti kwa muda wa saa moja na nusu, Ijumaa moja, katika sebule ya vila kuukuu kule Rashidiya. Na nilikuwa Mdonatisti hodari kiasi kwamba nilimfukuza mtu aliyenifundisha kufikiri.

Sitaeleza nilikotoka wala nilivyofika. Kila aliyekuja Gulf ana hadithi hiyo, na zote zinanuka wino wa ajenti yule yule. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani Mirdif, nyumba ya watoto wanne na vyoo sita. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, kidogo, kitanda kikigusa kuta mbili, na nilikipenda kwa sababu kilikuwa na mlango wa kufunga kwa ndani. Jikoni alitawala Bi Zuwena, Mzanzibari, mpishi wa nyumba hiyo tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa. Hata Madam aliomba ruhusa kabla ya kufungua sufuria yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchambua wali kwa jicho moja huku jicho jingine likimwangalia mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba Ijumaa nikirudi nimepwelewa sauti. "Hebu niambie, mwanangu," alisema, akinisogezea chai ya hiliki. "Huko kwenu mnakwenda kusali au mnakwenda kugombana?" Nikamwambia yote mawili. "Basi kuzuri," akasema. "Kusali peke yake kunatia usingizi."

Siku hizo Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko, kabla hawajahamisha wikendi, kwa hiyo Wakristo tulisali Ijumaa na hatukuona ajabu yoyote. Dereva wa nyumba alinishusha Rashidiya akiwapeleka watoto kwa bibi yao. Vila yenyewe ilikuwa imekatwakatwa kwa plaiwudi, walinzi wa Kiganda na Kikenya wakilala vitanda vya ghorofa, wanane wanane, na sare zao zikining'inia kila mahali, kwenye madirisha, kwenye misumari, hata juu ya jokofu. Sebule tu ndiyo iliyoachwa nzima. Ilikuwa na zulia la kahawia lenye doa kubwa ambalo Njoki aliliita ramani ya Afrika, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Hapo ndipo tulipokutana, watu ishirini hivi: yaya, wafagiaji, wahudumu wa hoteli, walinzi waliotoka zamu na macho mekundu. Njoki, rafiki yangu mpaka leo, alikuwa mfanya usafi kwenye maduka makubwa na mdomo wake haukuwa na breki. Kila mmoja alileta chakula kidogo, na harufu ya maharage ilichanganyika na dawa ya viatu. Nikisikia harufu hizo mbili pamoja hata leo, moyo wangu husimama wima kama mtu aliyeitwa jina.

Mwalimu Ssali alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari. Mwembamba, mrefu, Mganda wa kuongea polepole, na shingo yake ilikuwa imeungua jua kuliko uso. Alikuwa amekaa seminari miaka minne; alisema hakufukuzwa, aliondoka, na hapo mlango wa habari hiyo ukafungwa. Wenzetu wengine mjini walifundishwa baraka na mafanikio. Sisi tulifundishwa wazushi. "Ukitaka kujua nyumba yako, zunguka nje yake," alituambia. Kila Ijumaa alichukua kundi moja la Wakristo wa karne zile za mwanzo, watu ambao kanisa lilikuja kuamua kwamba walipotoka, na mmoja wetu akapewa wiki mbili za kujiandaa kuwa wakili wao. Hukuruhusiwa kuwadhihaki. Ulitakiwa kuwatetea kama mama yako mzazi alikuwa mmoja wao. Sisi wengine tulijibu, tukapigana kwa maneno hadi jasho, halafu Mwalimu akahitimisha. Kisha ikaja kanuni yake kubwa: kabla mtu yeyote hajagusa chakula, wakili wa siku hiyo alipakuliwa kwanza, sahani imejaa, nyama kubwa kuliko zote. "Mzushi kwanza!" tuliitikia kwa pamoja. Mwalimu alisema watu wale walichomewa vitabu na kufukuzwa mijini bila mtu kuwapa hata maji, basi sisi tuwape chakula. "Na tena," aliongeza, "ni vigumu kumchukia mtu huku unampakulia."

Jamani, tulijua wazushi! Mlinzi mmoja aliwatetea Waebioni, waliosema Yesu alikuwa mtu tu, mwana wa Yusufu, mwema kupita wote, na kwamba sheria ya Musa lazima ishikwe yote. Mimi niliwatetea Wamarkioni, walioamini kuna Mungu wawili, yule mkali wa kale aliyeumba dunia na yule mpole aliyemtuma Yesu, na nikasema kwa moyo wote kwamba mtu aliyewahi kuwafanyia kazi kafeel wawili, yaani waajiri wenye kibali chako mkononi, haoni ugumu wowote hapo. Sebule iliangua kicheko. Njoki akapewa Wadoseti, waliofundisha kwamba Yesu hakuwa na mwili wa kweli, ulionekana tu machoni mwa watu. "Manze, Mungu hawezi kutoka jasho!" alifoka. "Mungu hawezi kuumwa na meno! Alikuwa anaonekana tu anakula samaki, lakini hakuna kitu kilishuka." Akamshinda kila mtu, hadi mlinzi mmoja aliyekuwa amevua viatu akainua mguu wake uliovimba, akasema, "Dada, mimi nasimama juani kwa saa kumi na mbili. Asiyekuwa na miguu ataniambia nini?" Mwalimu hakuhitimisha siku hiyo, alisema somo limekwisha. Njoki alikula sahani yake akinung'unika kwamba ameshindwa na kidole gumba.

Na kulikuwa na Akoth. Yaya wa miaka ishirini, mwoga hata wa kuuliza choo kiko wapi. Mwalimu akampa Wamontano, wale waliosema Roho bado anatoa unabii mpya na kwamba wanawake wanaweza kuwa manabii wake. Tulidhani atazimia. Akasimama, akashika kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Mnasema Mungu aliacha kusema. Mbona mimi nikiwa peke yangu naosha vyombo huwa namsikia?" Aliongea nusu saa bila kutazama karatasi. Tulipompakulia, mchuzi ukamwagika kwenye ramani ya Afrika, naye akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Mwaka huo huo Mwalimu alinibatiza. Hatukuwa na kisima wala mto, na ufukweni pangekuwa na macho ya watu. Nikamwomba Madam lile bwawa la kupulizwa ambalo watoto walikuwa wamelichoka, la samawati, lenye picha za bata wa manjano pembeni, nikaenda nalo Rashidiya limekunjwa mapajani. Walinzi walilipuliza kwa zamu uani, nyuma ya vila. Maji hayakunifika magotini. Ikabidi nilale chali kama mtoto anayeogeshwa, huku Njoki akizuia sketi yangu isipande, na Mwalimu akanishika kisogo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanimwagia. Maji yalikuwa ya moto kutokana na jua. Nilipofungua macho niliona uso wake na bata, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ukubwa ule, na nimeshapata furaha nyingi, Mungu ashukuriwe.

Sasa lile daftari. Mwalimu alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika majina yetu, namba za simu na nyumba ambayo kila mmoja anafanya kazi, ili mtu akikosa kuonekana tujue pa kumuulizia. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Jumanne moja, sisi hatupo, msimamizi aliyetumwa na mwenye vila akaja: majirani wamelalamika kuhusu nyimbo, nani hawa wanaoingia hapa Ijumaa, leteni majina au wote mnaolala hapa mtoke leo hii. Mwalimu akampa daftari. Msimamizi akaanza kuwapigia simu waajiri wetu, ukurasa kwa ukurasa. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Akoth. Alhamisi alikuwa kwenye ndege, na nguo zake zikiwa kwenye mfuko wa plastiki wa takataka, kama Njoki alivyosimuliwa na dereva wao.

Ijumaa tulikusanyika. Hatukuimba. Mwalimu akasimama mbele, bado amevaa sare, akatuambia mwenyewe, kwa sauti ile ile ya polepole. "Daftari nimelitoa mimi. Akoth amerudishwa kwa sababu yangu, na huenda wengine watafuata." Mtu akauliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Yeye akasema tu, "Somo la leo ni lile lile. Wakili ni Sabina." Sabina ndiye mimi, na somo lilikuwa Wadonatisti, nililopewa wiki mbili kabla ya hayo yote. Angeweza kulibadilisha. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, na kila nikilifikiria namheshimu zaidi. Wakati ule niliona ni kiburi, na hasira ikanipanda hadi masikioni.

Nilisimama juu ya lile doa. Nikasema: huko Afrika Kaskazini, wakati wa mateso, maafisa wa mfalme walifika milangoni wakasema leteni vitabu vitakatifu tuvichome. Wengine walikataa wakafa. Wengine, maaskofu, walivitoa kwa mikono yao. Amani iliporudi, hao waliotoa wakavaa mavazi yao wakarudi madhabahuni. Sisi Wadonatisti tunauliza, mkono uliotoa kitabu ndio huo utakaotupa mkate? Mkono ule ukinimwagia maji, nimebatizwa au nimelowa tu? Sikuwa natazama karatasi. Nilikuwa namtazama yeye. "Wao walitoa vitabu vya ngozi," nikasema. "Kuna waliotoa watu." Uso wake haukuinama hata kidogo, alinisikiliza kama alivyomsikiliza kila mwanafunzi, na mara moja, nakula kiapo, alitikisa kichwa kuafiki hoja niliyoipanga vizuri. Nilipomaliza, kanuni ilitaka wengine wajibu. Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye ndoo. Mwalimu akainuka. "Umetetea vizuri sana, Sabina. Jibu lipo, lakini si mimi ninayefaa kulisema leo." Akavaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba zote mbili bila haraka, akatoka. Sufuria ya kuku ilikuwa pale mezani, na hakuna aliyesema mzushi kwanza. Tulitawanyika bila kula.

Jumamosi simu ikafika Mirdif. Madam aliniita sebuleni. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoniogopa mimi. "Kanisani mnakaa wanaume na wanawake, nyumba ya watu baki? Khalas, hakuna Ijumaa tena." Miezi mitano sikuvuka geti ila kupeleka takataka. Nilifua, nilipiga pasi, nilimchukia Mwalimu Ssali asubuhi na jioni, na usiku nilijiuliza swali nililowauliza wengine: je, mimi nimebatizwa au nimelowa tu? Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Kwenye nyumba ile kila kitu nilichogusa kilikuwa cha mtu mwingine, hata shuka nililolalia. Ubatizo ule ndio uliokuwa wangu. Sasa ulikuwa umetoka kwenye mkono uliomtoa Akoth, na sikujua kama bado ninao.

Njoki alinipigia simu na habari njema, kwa maoni yake. Amepata mchungaji mpya kule mjini, na mchungaji amesema wote wa kundi la Ssali wabatizwe upya, kwa sababu ubatizo wa msaliti ni bure. "Aki Sabina, si hivyo ndivyo ulisema wewe mwenyewe? Baharini, na mashuka meupe. Sio bwawa la bata." Nikamwambia nitafikiri. Bi Zuwena alikuwa anakatakata vitunguu, na kama kawaida yake hakuwa anasikiliza lakini alikuwa amesikia. Nikamweleza yote, kuanzia daftari hadi Wadonatisti wenyewe, nikitegemea ataniambia Wakristo mna mambo. Akaweka kisu chini. "Kwetu mtaani," alisema, "tulikuwa na imamu, ametusalisha miaka kumi na moja. Akaja kubainika ana mambo yake mabaya, siyasemi. Watu wakahaha, ati sala zetu zote zimepotea! Marehemu babaangu akawauliza, kwani nyie mlikuwa mkimsalia yeye?" Akachukua kisu tena. "Na sasa kaniletee bizari, umenisimamisha kazi."

Nilienda chumbani kwangu nikafunga mlango kwa ndani. Nililia kwa kelele, mto mdomoni. Huyu mama, asiyekuwa hata wa dini yangu, alikuwa amenipa jibu ambalo Mwalimu alisema yeye hafai kulisema, na baadaye nilipopata vitabu vya kusoma nikakuta kanisa lilijibu karibu vile vile: maji si ya anayemwaga. Nilimwambia Njoki siendi baharini. Wakati huo huo, na hili lilinishinda kulisema kwa mtu, nilijua kwamba nilikuwa nimemfukuza mtu kwa hoja iliyopangika vizuri, kabla hata ya kumpa nafasi ya kuomba radhi. Kosa lake lilikuwa kosa, silipaki chokaa. Langu nalo lilikuwa kosa.

Madam aliponirudishia Ijumaa, nilikimbia Rashidiya. Vila ilikuwa tupu, plaiwudi imeng'olewa, na fundi aliyekuwa akipaka rangi aliniambia walinzi wamehamishwa zamani. Kampuni ya Mwalimu ilisema amerudi Uganda. Nikarudi na maneno yangu tumboni, nikakaa nayo zaidi ya miaka ishirini na tano. Lakini niseme ukweli, nilikaa na mengine pia. Nilijifunza Kiingereza cha vitabu kwa ajili ya wale wazushi. Nilipoomba kazi ya hoteli, bosi aliniuliza kwa nini anichukue mimi yaya, nami nikajitetea kama nilivyowatetea Wamarkioni, nikapata. Nikiwa na msichana aliyekosea kazini, huwa namwambia aniambie hoja yake kwanza, yote, halafu tunakula, halafu naamua. Wanasema mimi ni mkali lakini wa ajabu. Hiyo yote ni sebule ya Rashidiya.

Basi Jumapili tulienda, mimi na Njoki, kwenye ghorofa ya binti wa Mwalimu, muuguzi, dirisha likitazama minara mipya. Mwalimu alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wembamba, mifupa tu imesogea mbele. Tulisalimiana kwa mikono na hatukuachana haraka. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikaisha mlangoni. "Mwalimu, nilikufukuza." Akasema, "Bannange, Sabina, mimi nilitoka kwa miguu yangu." Njoki akauliza kile ambacho mimi nilikuwa naogopa kuuliza: kwa nini alilitoa daftari. Nilitamani aseme kulikuwa na mtu amefichwa chumbani, au alitishiwa na jambo kubwa. "Niliogopa," akasema. "Hakuna hadithi nyingine." Akatuambia alimtafuta Akoth miaka miwili hadi akampata, kando ya ziwa, anauza omena, dagaa wa huko. "Alinipa kiti, akanipa uji. Hakunisamehe. Alisema uji ni wa mgeni, msamaha bado." Njoki akajifuta macho kwa kiganja.

"Sikubatizwa tena," nikamwambia. "Njoki alikwenda. Mimi nilibaki na wa bata." Njoki akadakia, "Mimi ninazo mbili, kwa usalama!" Mwalimu hakucheka. Akainuka kwa taabu akaenda mezani, ambako binti yake alikuwa ameandaa matoke, mchuzi wa karanga na kuku. Binti akasema, "Baba, kaa, nitapakua mimi." Akamwashiria aache. Alichukua sahani kubwa, akapakua, akachagua paja, akaliweka juu, akaivusha sahani hadi nilipokaa. "Hii ilibaki siku ile," alisema. "Mzushi kwanza." Nikaipokea kwa mikono miwili, na hakuna aliyegusa chakula mpaka nilipomeza tonge la kwanza.